Kazi Iko Ukingoni: Nukta za Kwanta za Maada Zenye Matabaka

Fundi magari anaijua disalfaidi ya molibdeni hata kama hajawahi kulitamka jina lake. Ndiyo inayoipa weusi ile grisi inayopakwa kwenye viungo vya ekseli. Inateleza kwa sababu imejengwa kwa matabaka: safu ya atomu za molibdeni imebanwa kati ya safu mbili za salfa, na kila tabaka, lenye unene wa takriban nanomita 0.65, limeshikana na jirani yake kwa nguvu hafifu mno. Msuguano ukija, matabaka yanapishana na vyuma vinapona. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo kazi iliyoipa thamani.

Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalichunguza tabaka lake moja lililobanduliwa peke yake. Walipolimulika kwa leza, liling'aa. Kipande kinene cha madini hayohayo karibu hakitoi mwanga wowote. Atomu ni zilezile na uwiano wake ni uleule. Kilichopungua ni unene. Kupungua huko kulitosha kupandisha pengo la nishati, yaani kiasi cha nishati ambacho elektroni huhitaji ili ifunguke na kuanza kusafiri, kutoka elektronivolti 1.3 hivi hadi karibu 1.9. Kulitosha pia kuifanya elektroni inayorudi chini itoe mwanga moja kwa moja, wakati katika kipande kinene nishati yake nyingi hupotelea kwenye joto.

Kama unene peke yake unaleta badiliko kubwa kiasi hicho, itakuwaje urefu na upana navyo vikikatwa mpaka zibaki nanomita chache? Kipande cha namna hiyo ni nukta ya kwanta. Tangu wakati huo nukta za aina hii zimetengenezwa kwa grafini, kwa disalfaidi za molibdeni na tangsteni, kwa nitridi ya boroni, kwa fosforasi nyeusi, na kwa kabidi za metali ziitwazo MXene, ambazo Yury Gogotsi, Michel Barsoum na wenzao wa Chuo Kikuu cha Drexel walizitangaza mwaka 2011. Kila aina imekuja na ahadi zake: kupima sumu kwenye maji, kutibu saratani, kuzalisha haidrojeni, kuwasha skrini, kunasa jua. Ahadi hizo hazina uzito sawa. Nyingine zimesimama kwenye msingi imara, nyingine zimeazimwa tu kutoka kwa nukta za ukoo mwingine kabisa. Njia ya kuzitenganisha, kwa maoni yangu, ni kuuliza kama kazi inayotajwa inafanywa na ukingo wa kipande au na ukubwa wake.

Nukta za kwanta za mwanzo hazikuhusiana na matabaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Alexei Ekimov, akiwa Leningrad, aliona kwamba kioo kilichotiwa kloridi ya shaba hubadili namna kinavyofyonza mwanga kufuatana na ukubwa wa fuwele zilizomo ndani yake. Muda si mrefu Louis Brus, katika Maabara za Bell nchini Marekani, akaliona jambo hilohilo kwenye chembe za salfaidi ya kadimiamu zinazoelea ndani ya kimiminika. Mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wa chuo cha MIT wakapata njia ya kuzikuza chembe hizo kwa ukubwa unaokaribiana sana. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Kanuni waliyoithibitisha ni kwamba elektroni ikifungiwa mahali padogo nishati yake hupanda, na kadiri nafasi inavyobana ndivyo mwanga unavyohama kutoka nyekundu kwenda buluu. Chembe ya selenaidi ya kadimiamu yenye kipenyo cha nanomita 6 hivi hutoa mwanga mwekundu. Ya nanomita 2 hutoa wa buluu. Ukubwa ndio unaotawala. Uso wa chembe hizo, wenye atomu zisizotulia, huvishwa ganda la salfaidi ya zinki ili usiingilie kati.

Kwenye nukta za matabaka uso hauwezi kunyamazishwa hivyo, kwa sababu karibu hakuna kitu kingine. Chukua grafini, tabaka moja la kaboni ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga mjini Manchester mwaka 2004 kwa kubandua kinywe kwa selotepu. Grafini nzima haina pengo la nishati, kwa hiyo haitoi rangi yake yenyewe. Ikikatwa vipande vya nanomita chache, pengo linafunguka. Kipande cha mviringo chenye kipenyo cha nanomita 3 kina atomu 270 hivi, na takriban moja kati ya kila saba iko ukingoni kabisa. Kipande chenye kipenyo cha maikromita 1 kina atomu milioni 30, na za ukingoni hazifiki moja kati ya kila elfu mbili. Ni kama mkeka uliokatwakatwa vipande vya ukubwa wa kiganja: kinachobaki mkononi ni ncha za ukindu zilizofumuka, tayari kunasa chochote kinachopita.

Na kweli hunasa. Oksijeni, haidrojeni na naitrojeni hujishikiza kwenye atomu za ukingoni, na kila mgeni anaisukuma elektroni kwa namna yake. Ndiyo sababu nukta mbili za grafini zenye kipenyo kimoja zinaweza kutofautiana rangi, moja buluu na nyingine kijani, kwa vile tu zimetayarishwa kwa kemikali tofauti. Mtu aliyezoea nukta za kadimiamu huliona jambo hili kama kasoro. Mimi naliona kuwa ndiyo tabia yake ya msingi, na faida na hasara zake zote zinaanzia hapo.

Utengenezaji wake unalionyesha jambo hilo waziwazi. Njia moja inayotumika sana huanza na unga wa kinywe uliochanganywa na asidi ya salfuriki na pamanganeti ya potasiamu, kwa utaratibu ambao Hummers na Offeman waliuchapisha mwaka 1958. Oksijeni hujipenyeza kati ya matabaka na kuyasukuma yaachane, na unga mweusi hugeuka kuwa uji mzito wa kahawia. Uji huo huoshwa tena na tena, kisha hutiwa kwenye chungu cha chuma kilichotandikwa tefloni ndani, kikafungwa kabisa na kuwekwa kwenye tanuri la nyuzi 200 hivi kwa saa kadhaa. Watafiti wa China waliieleza hatua hii ya kukata grafini kwa maji ya moto mwaka 2010. Chungu kikifunguliwa, chini kuna masimbi meusi na juu kuna maji ya manjano hafifu. Maji hayo huchujwa, hutiwa kwenye mfuko wa utando wenye vitundu vidogo mno, na mfuko huloweshwa kwenye maji safi yanayobadilishwa kwa siku kadhaa. Ukizima taa na kuyamulika kwa kurunzi ya mionzi ya urujuanimno, yale manjano yanageuka buluu inayoangaza chumba.

Disalfaidi ya molibdeni haihitaji asidi hiyo. Unga wake hutiwa kwenye kiyeyushi, hutikiswa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, kisha mashine ya kuzungusha kwa kasi huzamisha vipande vikubwa na kuacha vidogo vikielea. Kundi la Jonathan Coleman wa Trinity College, Dublin, lilionyesha mwaka 2011 kwamba maada nyingi za matabaka hubanduka ndani ya vimiminika, na mwaka 2014 likaonyesha kwamba hata blenda ya jikoni yenye maji na sabuni inaweza kubandua grafini. Kubandua, basi, si kugumu. Kilicho kigumu ni kupata leo vipande vyenye kingo sawa na vile vya wiki iliyopita.

Hapa pana doa ambalo fani hii ilichelewa kulitazama. Nukta nyingi za kaboni hazitengenezwi kwa kukata kinywe. Hujengwa kuanzia chini, kwa kupasha moto asidi sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, pamoja na kemikali yenye naitrojeni. Mng'ao wake huwa mkali ajabu, na makala nyingi ziliusifu kama ushahidi wa ubora wa nukta. Mwaka 2015 ilibainishwa kwamba asidi sitriki na ethilini-diamini zikipikwa pamoja huzaa molekuli ndogo ambayo yenyewe inang'aa buluu kwa nguvu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya sifa zilizopewa nukta ilikuwa ya molekuli iliyokuwa ikielea kando yake. Ule mfuko wa utando ndio unaofichua ukweli: molekuli hutoka na maji, nukta hubaki ndani, na mara nyingi zinazobaki zinang'aa hafifu kuliko ilivyotangazwa. Utafiti usioeleza ni nini kilitoka kwenye mfuko na ni nini kilibaki haustahili kuhesabiwa kwenye mizani, hata kama picha zake zinapendeza namna gani.

Kwa skrini sitakaa sana. Runinga zinazouzwa kwa jina la QLED zina nukta za kwanta kweli, lakini si za matabaka. Samsung, kwa mfano, hutumia fosfaidi ya indiamu, kwa kuwa kadimiamu ni sumu na Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 0.01 kwenye vifaa vya umeme. Skrini inadai rangi moja iliyo safi, na rangi safi inadai chembe zenye ukubwa mmoja na uso uliotulizwa. Nukta za kadimiamu zenye ganda hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya fotoni zinazozifyonza. Za disalfaidi ya molibdeni mara nyingi hurudisha asilimia chache tu, na utepe wake wa rangi ni mpana. Kuzishindanisha hapo ni kuzipeleka kwenye uwanja usio wake. Kwenye paneli za jua hali haijatofautiana sana: zinasaidia kama kiungo kidogo kati ya tabaka na tabaka la paneli, hazibebi mzigo mkuu.

Haidrojeni ni habari nyingine. Kuitoa kwenye maji kwa umeme kunahitaji kichocheo, na kichocheo bora kinachojulikana ni platini, ambayo ni ghali na adimu. Mwaka 2007 kundi la Ib Chorkendorff wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark liliotesha visiwa vidogo vya disalfaidi ya molibdeni juu ya dhahabu, likavipima kwa hadubini inayoona atomu, kisha likapima haidrojeni inayotoka. Haidrojeni ilifuatana na urefu wa kingo za visiwa hivyo. Eneo lake la juu halikuwa na mchango wa maana. Uso bapa wa madini haya umekaa bure. Kazi inafanywa na atomu za pembezoni. Ukishalijua hilo, sababu ya kuyakata madini yawe nukta inajieleza: unaongeza ukingo bila kuongeza uzito. Tatizo lililobaki ni la umeme. Disalfaidi ya molibdeni haipitishi umeme vizuri, na nukta iliyolala peke yake kwenye elektrodi hupata elektroni kwa shida. Ndiyo maana nukta hizi hupandikizwa juu ya kaboni au grafini inayozipelekea elektroni. Zinaikaribia platini, hazijaipita, lakini malighafi yake ni madini yaleyale ya grisi. Kati ya ahadi zote, hii ndiyo ninayoiamini zaidi.

Tiba inahitaji maneno ya tahadhari. Fosforasi nyeusi iliyokatwa nukta, kazi iliyoanza mwaka 2015, hufyonza mwanga wa infraredi unaopenya nyama ya mwili na kuugeuza joto, na kwa panya joto hilo limetumika kuunguza uvimbe. Baadaye fosforasi huoza kwa maji na oksijeni na kuwa fosfeti, kitu ambacho mwili unakijua. Udhaifu unaowasumbua wahandisi, yaani kuharibika hewani, hapa unakuwa msaada. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini na Marekani walionyesha katika jarida la Nature Nanotechnology kwamba nukta za grafini huizuia protini ya alfa-sinukleini isijikusanye kuwa nyuzi, mkusanyiko unaohusishwa na ugonjwa wa Parkinson, na kwamba kwa panya zilivuka ukuta unaoulinda ubongo. Hapa tena ukingo ndio unaofanya kazi: vikundi vya oksijeni vilivyoko pembezoni ndivyo vinavyoikamata protini.

Lakini mwili una sheria zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu nukta za kadimiamu ulionyesha kwamba chembe zenye kipenyo kisichozidi nanomita 5.5 hivi, pamoja na kila kilichoshikamana nazo, hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Kubwa zaidi hubaki kwenye ini na wengu. Nukta ya tabaka ni nyembamba kwenye unene lakini inaweza kuwa pana, na ikishaingia kwenye damu huvikwa protini zinazoikuza. Daktari hawezi kupokea dawa ambayo chupa moja ina kingo tofauti na chupa inayofuata. Hadi matatizo hayo yatatuliwe, kuwaambia wagonjwa kwamba tiba iko karibu ni kuwaumiza.

Kwa wasomaji wa Tanzania kuna hesabu nyingine inayopaswa kuwekwa wazi. Nchi ina kinywe kingi, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, na si ajabu kusikia kinywe kikitajwa pamoja na teknolojia ya nano kana kwamba kimoja kitaivuta nyingine. Soko la kinywe ni betri za magari na matofali ya tanuri, ambako kinahitajika kwa tani. Nukta hazihitaji tani. Chungu kimoja cha maabara hutumia chini ya gramu moja, na zinaweza kutengenezwa bila kinywe kabisa: mwaka 2013 kundi la James Tour wa Chuo Kikuu cha Rice lilizikata kutoka kwenye makaa ya mawe. Thamani iko kwenye kuosha, kutenganisha na kupima, na kazi hizo zinataka hadubini ya elektroni, mashine ya kuzungusha, na watu waliofundishwa kuzitumia. Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, ambako Askwar Hilonga alibuni kichujio cha maji cha nano kilichoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, ni mfano wa mahali ambapo ujuzi wa aina hiyo umeshaanza kujengwa. Kichujio kile hakikusubiri mgodi.

Maji ndiyo yanayoigusa kanda yetu kwa karibu zaidi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita na kwingineko, hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki ipae. Uchimbaji wa namna hii ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu wanaiachia hewani duniani. Kipimo cha kuaminika cha zebaki ni mashine ya maabara, ghali na iliyo mbali. Nukta zinaahidi kipimo cha mfukoni: weka tone la maji kwenye karatasi iliyopakwa nukta, mulika kwa kurunzi ya urujuanimno, na kama kuna zebaki mng'ao unafifia. Kinachotokea kinaeleweka. Ayoni ya zebaki inakaa ukingoni, inaichukua elektroni iliyokuwa karibu kutoa mwanga, na mwanga hautoki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki isiyo ya kikaboni kwa lita ya maji ya kunywa, sawa na nanomoli 30 hivi, na makala nyingi zinaripoti kugundua kiasi kilicho chini ya hapo.

Zinaripoti hivyo kwa maji yaliyosafishwa. Maji ya mtoni yana chuma, shaba, udongo na mabaki ya majani. Vikundi vya kaboksili vilivyoko kwenye kingo za grafini havichagui sana. Chuma nacho hukikamata. Tena chuma kina hila ya pili: chenyewe hufyonza mionzi ya urujuanimno, kwa hiyo mwanga unaweza kufifia bila chuma kuigusa nukta hata moja. Mabaki ya majani yanafanya kinyume chake. Asidi zinazoyapa maji ya kinamasi ule wekundu wa chai hung'aa buluu zenyewe zikimulikwa, na zinaweza kuifunika zebaki iliyopo. Nukta zenye salfa, kama za disalfaidi ya molibdeni au za grafini iliyotiwa salfa kwa makusudi, zina nafasi nzuri zaidi, kwa sababu zebaki huipenda salfa kuliko metali nyingi zinavyoipenda. Hapo ndipo ningeelekeza fedha za utafiti wa kipimo hiki: kwenye kuchagua kinachokaa ukingoni, na kwenye majaribio ya maji ya mto wenyewe yakilinganishwa na mashine ya maabara, sampuli kwa sampuli.

Hata karatasi hiyo ikifanikiwa, itajibu sehemu tu ya tatizo. Mchimbaji anadhurika zaidi na mvuke anaouvuta akiwa amesimama juu ya moto, na mvuke haupimwi kwa tone la maji. Familia inayokula samaki inapata zebaki ya aina nyingine, methili-zebaki, ambayo bakteria huitengeneza kwenye matope na ambayo huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyomla mdogo; majini yenyewe kiasi chake huwa kidogo sana. Kuipima inabidi minofu ya samaki itayarishwe kwanza, kazi inayobaki kuwa ya maabara.